Kitanda Kisicho na Mchago

Kila mwaka nikifika kwenye somo la kani na kanieneo, wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanakuwa wananisubiri na tofali langu. Dada na kaka zao wameshawahadithia. Naingia darasani na tofali la kuchoma na beseni la mchanga laini. Naliweka tofali bapa, naliondoa, kisha nalisimamisha wima, nawaita waje kutazama shimo. Tofali ni lile lile na uzito ni ule ule, lakini likisimama linazama. "Kwa nini?" nawauliza. Wanajibu kwa pamoja: kani ile ile, eneo dogo, kanieneo kubwa. Wanasema hivyo huku masikio yako kwenye kengele ya mapumziko. Siwalaumu, na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka bibi yangu alipolazwa kitandani na ugonjwa.

Bibi alikuwa mama yake mama. Tuliishi kwake Kariakoo, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, kwenye nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua wenye bomba na jiko la mkaa. Leo pale pana ghorofa la maduka. Nikipita najaribu kukisia mlango wetu ulikuwa wapi, na wauza simu wananiita, "Karibu, dada, unatafuta nini?" Natafuta nini, mwenzangu! Natafuta ukumbi uliokuwa ukinuka samaki wa kukaanga na udi kwa pamoja.

Samaki walikuwa kazi ya bibi. Aliwakaanga kwenye soko la Feri tangu mama akiwa mdogo, akawatembeza mitaani kwa beseni kichwani, mpaka alipopigwa kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalala. Ulimi ukabaki, na ulimi wa bibi, jamani, ulikuwa unatosha watu wanne. Tulimlaza chumba cha mbele, kwenye kitanda chake cha arusi, chenye mchago wa mbao za nakshi upande wa kichwani, aliokuwa akiupangusa mwenyewe kwa mafuta ya nazi. Alilalia ubavu wa kulia, uso ukitazama dirisha la nondo. Dirisha lile lilikuwa upande wa kibla, na lilikuwa upande wa barabara pia, kwa hiyo alipata dini na umbea kwa mkupuo mmoja.

Nikirudi shule nilikuwa nakaa naye. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mke mwenzangu. Leo wamekufundisha nini hao?" Nikamwambia presha. Akacheka mpaka akakohoa. "Presha ninayo mimi, wangekuja kunisoma bure." Tulikuwa tumepewa kazi ya kutafuta mifano ya kanieneo mtaani, basi tukaitafuta pale pale dirishani. Msichana aliyevaa mchuchumio akapita kwenye tope la mvua, kisigino kikazama, kiatu kikabaki nyuma. Mama mmoja akaja na mfuko wa rambo wenye viazi, akasimama, akaviringisha ncha ya khanga kwenye vishikio ndiyo akaendelea, maana vilikuwa vinamkata vidole. Bibi alikuwa anaona yote kabla yangu. "Andika huyo! Andika na yule wa mkokoteni, tairi zimekaa kama chapati!" Nazikumbuka alasiri zile kuliko sikukuu zote za utoto wangu.

Kisha mama, akimwogesha, akaona alama nyekundu kwenye nyonga ya kulia. Baada ya siku chache ngozi ikachanika, kikawa kidonda.

Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo, nadhani, lingefanywa na nyumba ya muuza samaki tu. Bibi mwenyewe alitoa amri. "Nitengenezeeni kata," alisema. Miaka yote beseni halikumtoboa utosi kwa sababu ya kata, ile khanga inayosokotwa duara na kuwekwa kichwani chini ya mzigo. Basi kama kata iliokoa utosi, itaokoa na nyonga. Mama akasokota kata nzuri, ngumu, ya kazi, tukamwekea chini ya nyonga ili kidonda kikae kwenye tundu, hewani. Tulijiona tuna akili sana.

Muuguzi wa zahanati ya mtaani alipokuja kusafisha kidonda akainua shuka, akaguna. Pembeni ya kidonda palikuwa na duara jekundu, umbo la kata kamili. "Hii itupeni," alisema. "Kichwani mzigo mnautua. Hapa hautuliwi, na duara lote linabana damu isifike katikati." Akatufundisha kuweka mito laini mipana, mmoja mgongoni, mmoja katikati ya magoti. Lakini akasema mito peke yake haitatosha. "Mgeuzeni. Asubuhi, mchana, usiku, asilalie upande mmoja. Chali mnasema kifua kinambana, basi mlazeni ubavu wa kushoto, mto chini ya mkono ule mgonjwa. Msipomgeuza, kidonda kitafika mfupani, na kikifika mfupani tutampoteza."

Tulimgeuza siku ile ile. Mama na mjomba, kaka yake, walimshika taratibu, wakamlaza ubavu wa kushoto, uso ukutani. Bibi akapiga ukelele, majirani wakatoka uani.

"Mnanifanya niipe kibla mgongo! Mimi ni mtu wa kufa leo au kesho, mnataka mauti yanikute hivi?"

"Mama, mgonjwa haulizwi uji," mjomba akasema.

"Uji leteni nitakunywa. Nigeuzeni!"

Mama alijaribu kumbembeleza, akamwambia mgonjwa hana lawama kwa Mungu. Bibi akasema lawama anayoijua ni ya nafsi yake. Alilia, na mimi sikuwa nimewahi kumwona bibi analia. Mama hakuvumilia. Wakamrudisha kulia, juu ya kidonda. Ikawa hivyo kila siku: tunamgeuza, analia, tunamrudisha. Kidonda kikazidi kuchimba, chumba kikaanza kunuka harufu ambayo udi haukuweza kuificha, na mama akawa anajifungia bafuni anamwaga maji ili tusimsikie akilia.

Wiki ile ndipo mwalimu wetu wa fizikia, mtu mmoja mpole, alipotuletea tofali na beseni la mchanga. Wenzangu walicheka tofali lilipozama. Mimi niliona nyonga ya bibi, mfupa ule uliotokeza umesimama kwenye godoro kama tofali lile, nikaomba ruhusa kwenda nje, nikakaa nyuma ya choo cha shule nikalia. Kumbe somo lilikuwa limeniingia, ila lilikuwa halinisaidii kitu. Nilijua kwa nini bibi anaoza na sikujua la kufanya.

Jibu sikulipata kwa akili, nisijisifu. Nililipata kwa uchovu. Jumamosi moja nilikuwa nimekaa miguuni pake nikimkanda nyayo kwa mafuta, nikajilaza pale pale, kichwa changu kwenye miguu yake, miguu yangu ikielekea mchagoni, nikawa natazama dirishani pamoja naye.

"Wewe mtoto," akasema, "unalala kichwa miguuni, umekuwa mzigo wa mkaa?"

Nikataka kuinuka. Nikagundua nimelalia ubavu wa kushoto. Ubavu wa kushoto, na uso wangu uko dirishani. Kibla ile ile, bibi na mimi, yeye kwa ubavu huu na mimi kwa ule. Loo! Niliruka nikapiga kelele kumwita mama, akaja mbio akidhani mambo yameharibika. Siku zote zile tulikuwa tunamgeuza bibi, hakuna aliyewaza kuuhamishia mto miguuni.

Mama alipoelewa akakaa kitako sakafuni. Lakini furaha yake haikudumu, akatazama mchago. "Hatakubali," akanong'ona. "Kichwa miguuni, huko tunakopangusia nyayo? Mwenye nyumba, kwenye kitanda chake cha arusi?" Kwetu kumlaza mkubwa kichwa miguuni ilikuwa kumvunjia heshima, hata mtoto hakulazwa hivyo.

Bibi alikuwa anasikia, masikio hayakupigwa kiharusi. Kwa mkono wake mzima akanyoosha kiganja nyuma ya kichwa, akaupapasa mchago wake, nakshi kwa nakshi.

"Mwite kaka yako aje na bisibisi," akamwambia mama. "Aung'oe. Kitanda kisicho na mchago hakina miguuni."

Mjomba aliung'oa mchana ule. Mbao zilikuwa zimeshikana kwa miaka mingi, zikatoka kwa kulalamika, akazisimamisha ukumbini, na mama akazifunika kwa shuka kama vile anamfichia mtu aibu. Tukahamisha mto, tukamzungusha bibi mzima mzima, kichwa kikaenda kulikokuwa miguu, ubavu wa kushoto chini, uso kibla. Tulisubiri ukelele. Bibi akatazama dirishani.

"Haya," akasema. "Huku naona mpaka duka la Mchaga."

Tangu siku hiyo tulimgeuza kila ikiadhiniwa, na mara moja tena kati ya adhana na adhana. Zamu ya alasiri ilikuwa yangu na mjomba, kwa sababu ndipo nilipokuwa nimetoka shule. Kidonda kilikaidi, kisha kikaanza kujaa nyama kutoka chini. Baada ya miezi kadhaa, muuguzi akakigusa kwa kidole, akasema, "Kimefunga." Mama alipiga vigelegele peke yake ndani ya chumba. Bibi alimwambia apunguze kelele, anamkosesha habari za barabarani.

Aliishi na sisi mwaka mwingine mzima, mwaka mtamu. Alifariki asubuhi moja akiwa amelalia ubavu wa kushoto, uso dirishani. Kina mama waliomwosha walitoka wakasema mwili ulikuwa safi, hauna hata mchubuko, na mama yangu akainama akabusu mikono yao.

Wanaume walipotoka makaburini, mjomba aliingia ukumbini miguu ina vumbi, akachuchumaa mbele ya mama. "Tumemlaza vizuri, dada," akasema. "Ubavu wa kulia, uso kibla." Wanawake wote wakaitikia Alhamdulillahi. Mimi pia niliitikia. Kisha adhana ya alasiri ikaanza msikitini na mimi nikasimama, miguu yenyewe ilisimama, nikamtazama mjomba kwa sababu ilikuwa zamu yetu.

"Mjomba," nikasema, "sasa huko nani atamgeuza?"

Mjomba hakuwa amelia tangu asubuhi. Alikaa chini kwenye mkeka, akanivuta karibu yake, akalia.