Swali la Zamu ya Usiku

Jenipha Malimi alikuwa karani wa ushirika Bariadi mpaka wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa, ushirika ukayumba, naye akapunguzwa kazini. Mwaka 1996, Marcelo, mwenye karakana ya ushonaji mjini, alimwita awe mkalimani. Wageni wawili wa Ulaya walikuwa wanatafuta nchi ya kupeleka kazi ya kushona sare za hospitali. Walishatembelea viwanda vya Asia. Tanzania ilikuwa ya mwisho.

Waliuliza habari za umeme, barabara ya Mwanza, ushuru wa bandarini. Marcelo aliwajibu mwenyewe, kwa Kiingereza cha kuungaunga. Kisha mmoja wa wageni, mwanamama, akawageukia mafundi waliokuwa kwenye cherehani.

"Oda zikiongezeka mtashona usiku? Kule tulikotoka wamekubali."

Jenipha aliwatafsiria kwa Kisukuma, asiwepo wa kusema hakuelewa. Cherehani zikanyamaza. Aliyesimama ni Ng'washi, mdogo wake wa tumbo moja.

"Yaya, hapana! Nina mtoto ananyonya, na njia ya kwetu ina fisi. Usiku siji."

Wenzake wakaitikia. Marcelo akamsogelea Jenipha, akiwachekea wageni huku akinong'ona, "Waambie wamekubali. Ukiharibu hapa, wote hawa wanarudi kushika jembe."

Jenipha akawatazama mafundi. Akisema ndiyo, Ng'washi angeitwa zamu na kichanga chake mgongoni. Akisema hapana, kazi ingekwenda zake. Mama mgeni alikuwa anamtazama mdomoni.

"Wamekataa," akasema Jenipha. "Mchana watashona. Usiku wana watoto, na njia si salama."

Wageni wakasemezana, wakafunga mikoba yao. Gari lilipoondoka, Marcelo akamwambia Jenipha asikanyage tena pale.

Jibu lilikuja baada ya mavuno. Sare zote zimekwenda Asia. Bariadi imepewa kushona mashuka, zamu ya mchana, mafundi wanane tu. Ng'washi hakuchaguliwa.

Alimkuta Jenipha uani, anapepeta mpunga.

"Dada, kwa nini hukuniuliza kwanza, kabla ya kumjibu yule mgeni?"

"Ulisema hapana. Nikasema hapana."

"Nilikuwa nakwambia wewe, dada yangu, tushauriane. Sikuwa namwambia mzungu."

Jenipha akaweka ungo chini. Mdogo wake alimhamisha mtoto bega, akatoka bila kuaga.

Msimu uliofuata walilima pamba katika shamba la baba yao, kijijini Kasoli. Walisalimiana kila asubuhi. Zaidi ya hapo, hawakusema mengi.