Posa Iliyosahihishwa kwa Wino Mwekundu

Nakiri bila kuzunguka: mimi, mtu mzima mwenye mvi, nusura nimkoseshe mume Zuhura, mpwa wangu niliyemlea mwenyewe, kwa sababu ya kalamu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi, nami nilikuwa mtunza stoo mtaa wa Mlandege, mjini. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, na nilikuwa na daftari la maneno ambayo watu huyachanganya, kila jozi na mifano yake. Makame, karani wa Chwaka aliyetaka kumuoa Zuhura, alilijua hilo, kwa hiyo ndani ya bahasha ya posa, pamoja na barua ya wazee wake, alitia ukurasa mmoja wa Kiingereza ili anifurahishe.

Nikaona kaandika "advise", yaani kushauri, palipotakiwa "advice", yaani ushauri, nikasema niweke alama hiyo moja tu (hapo ndipo nilipoponzeka), mara ikawa ya pili, ya tano, mpaka zikafika kumi na moja, nikamalizia chini "Rudia kwa makini", nikatia vyote katika bahasha ileile na kumpa mshenga airudishe.

Sasa, kwetu barua ya posa ikikubaliwa hukaa, ikirudi, umekataa. Nalijua hilo tangu utotoni, ila siku ile kichwani mwangu mlikuwa na Kiingereza kitupu.

Ijumaa, barazani, mshenga akanikabili mbele za watu.

"Bwana Khamis, kijana wa watu umemkataa kwa wino mwekundu?"

"Nani kamkataa?"

"Si barua imerudi!"

"Jamani, kafeli posa!" akapiga kelele muuza kahawa, na baraza zima likaangua kicheko.

Nyumbani nikamkuta Zuhura macho yamemvimba. "Mjomba, mimi nnaolewa na mtu au na kamusi?"

Asubuhi nikavaa kanzu, nikapanda gari la Chwaka, mjomba wa mke kwenda kuomba posa irudi (mlishasikia wapi?), nikakaa mkekani mbele ya ukoo mzima nikaomba radhi. Wazee wakatazamana. Makame akaingia ndani, akatoka na bahasha ileile, ndani yake karatasi mpya.

"Shikamoo, mjomba. Nshaiandika upya. Nlidhani nikipasi utanipa."

"Marahaba, mwanangu. Umepasi."

Wakacheka, nami nikarudi mjini na bahasha kifuani. Njiani nikausoma ule ukurasa: yale makosa kumi na moja yote yamenyooka, ila lilikuwapo la kumi na mbili, ambalo mara ya kwanza lilinipita.

Nikaikunja karatasi, nikairudisha ndani ya bahasha. Zuhura ana watoto wawili sasa, na lile kosa bado limo ndani ya bahasha. Naapa halitaguswa na kalamu yangu.