Jina Ambalo Kijiji Hakikulijua

Siku yangu ya kwanza kazini, Chefu, yaani mkuu wa kituo cha redio, aliniweka mbele ya mikro akaniambia nisome gazeti la zamani kwa sauti. Nilisoma. Fundi wa mitambo, aliyekaa upande wa pili wa kioo, akacheka.

"Sitwayeni Ngoie, weye unasoma kama muntu anaombea mugonjwa." Sitwayeni maana yake mwananchi; ndivyo serikali ilivyotaka tuitane.

"Muache," Chefu akasema. "Ile sauti nitaipatia kazi yake."

Kazi hiyo ilikuwa matangazo ya vilio. Vijana wa siku hizi hupeleka habari ya msiba kwa simu. Wakati wetu, mtu akifa mjini kwetu Likasi, ndugu zake walikuja kwenye kituo cha redio ya serikali, vyumba viwili tu nyuma ya posta, na karatasi tuliyoiita avi. Niliisoma kwa Kifaransa, halafu kwa Kiswahili, mara tu baada ya indikatifu, yaani ule muziki mfupi unaofungua kipindi. Kama taa nyekundu ilikuwa inawaka, hakuna aliyekohoa.

Nilikuwa na shule ya msingi na miaka michache ya ushonaji kwa masista. Sikuajiriwa kwa elimu. Niliajiriwa kwa sababu nilisoma taratibu na sikukosea majina, na majina yalikuwa jambo zito. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Mimi niliyebatizwa Marta niliiacha Marta nyumbani. Kila mtu alichukua jina la mababu, likaandikwa kwenye kitambulisho, na hilo tu ndilo lililoruhusiwa kusomwa hewani. Chefu aliipitia kila avi kwa kalamu nyekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi, na alijua mwenzake wa kituo kingine aliitwa kujieleza kwa sababu ya Yosefu mmoja tu aliyesomwa hewani.

Sehemu kubwa ya vipindi vyetu ilikuwa hotuba na nyimbo za chama. Sitawadanganya juu ya hilo. Lakini watu wa vijijini, kuanzia Kapolowe mpaka kwa wavuvi wa Mwadingusha, walikuwa na sababu yao ya kufungua redio. Walingoja saa ya vilio. Kijiji kizima kilizunguka redio moja, wakanyamaza, kila mmoja akisikiliza kama ndugu yake wa mjini atatajwa.

Asubuhi moja mama mmoja aliingia kituoni, miguu imejaa vumbi. Alikuwa mkulima wa upande wa Kapolowe, akiitwa Mama Nsamba. Alikataa kiti, akakaa chini sakafuni, kama wanavyokaa wafiwa.

"Njo weye unasemaka vilio?" aliniuliza.

"Njo minye, mama."

"Sauti najua. Mutoto wangu alikufa huku mujini, ku Shituru. Nimekuja kumutembelea, nimekuta balishamuzika. Nauliza bantu ba nyumba yake, juu ya nini hamukunijulisha? Banasema, mama, tulikutangazia ku redio."

Nilimwuliza jina la marehemu. Akasema Petelo, akanitajia na umri wake. Nilijua sikuwa nimesoma Petelo yeyote, kwa sababu jina la ubatizo nisingeruhusiwa kulisoma. Nikatafuta kwenye avi za juma lile, nikapata mtu wa Shituru mwenye umri ule: Mwansa Kalobwe. Nilipolitamka, mama akaweka kiganja mdomoni.

"Ile nilisikia," akasema. "Nilikuwa natwanga mihogo. Nikasimamisha mutwango, nikasema: pole kwa ule mama, kila fasi, kila nyumba, kilio iko. Kisha nikaendelea kutwanga."

Jina la Mwansa Kalobwe mwanawe alilichukua mjini, wakati wa kubadilisha vitambulisho. Kijijini hakuna aliyemwita hivyo. Fundi alizima mashine iliyokuwa ikizunguka, ingawa hakuna aliyemwomba.

Mama Nsamba hakuja kugombana. Alitaka kitu kimoja. "Tangaza tena. Kule kwetu kilio haiyaanza. Nikifika nikisema Petelo amekufa, batasema nani alinidanganya? Redio haikumutaja. Sitaki kubembeleza bantu balie mutoto wangu."

Nikaenda kumwita Chefu. Alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Mama, muntu alishazikwa," akasema. "Na ile jina ya ubatizo siwezi. Bakisikia, banakuya kunikamata minye, haiko weye."

"Basi usiitaje."

"Sasa nitasema nani?"

"Sema minye. Bote banajua nani nilizaa."

Chefu alitazama kalamu yake. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu na mama, na kwa mara ya kwanza nikamwona akiandika avi kwa mkono wake mwenyewe. Akauliza kijiji gani. Akauliza marehemu alifanya nini ambacho watu wa kule wanakikumbuka. Mama akafikiri, akasema alitengeneza daraja la miti la kuvuka kwenda mashambani, kabla hajaondoka kutafuta kazi.

Mchana ule nilisoma jina la kitambulisho kwanza, kama sheria ilivyotaka. Halafu nikasoma kwa Kiswahili chetu, neno kwa neno, alivyoandika Chefu: "Ule iko mutoto wa kwanza wa Mama Nsamba, ule alitengenezaka daraja ya miti ya kwenda mu mashamba. Mama yake anarudia leo na treni. Mumungojee."

Dereva wa lori aliyepita Kapolowe jioni ile alituambia kwamba stesheni ilijaa watu wa kijiji kile, wanawake wamefunga vitambaa vya kilio kichwani, na mama aliposhuka hakuhitaji kusema neno.

Baadaye Inspekta wa serikali alikuja kutoka mji mkuu wa mkoa, akauliza kwa nini avi zetu zimekuwa ndefu, zinataja mama, kijiji, mpaka daraja. Nilidhani kazi imekwisha. Chefu akamjibu kwa sauti ya hotuba: "Sitwayeni Inspekta, kutaja muntu kwa mama yake na kwa kijiji yake, kuna otantisite gani kupita ile?" Hilo lilikuwa neno la serikali yenyewe, maana yake kurudi kwenye asili. Inspekta akaandika kitu, akanywa chai yetu, akaondoka.

Toka siku ya Mama Nsamba, kila aliyeleta avi tulimwuliza: nani lazima asikie, na kwao wanamwitaje? Nilifanya hivyo chini ya machefu wengine wawili, mpaka nilipostaafu.

Mume wangu amefariki, na siku hizi redio hulia nyumbani kutwa nzima. Vijana wanaofanya kazi ya redio hunijia wakiuliza namna ya kuwafikia watu wa mbali. Nawaeleza habari ya Mama Nsamba, nao wanaifurahia. Mimi nawaza wale marehemu wa miaka ya kabla yake, ambao mama zao hawakupanda treni kuja kuuliza. Nilisoma majina yao yote ya kitambulisho vizuri, bila kukosea hata silabi. Sijui nani aliwalia.