Mtungi wa Mzee Kamis

Fatumah wa nyumba ya pili alivuka ua na sufuria tupu mkononi, akainama sikioni mwa Adyero kabla hata ya salamu.

"Mama Akot, Kamis anafuga maiti ndani."

"Wee Fatumah! Asubuhi yote hii?"

"Naapa kwa wanangu. Nilikuwa natafuta kuku wangu, nikachungulia dirishani. Limekaa sakafuni, jeupe toka nywele mpaka kope, linanitazama. Binadamu gani mweupe hivyo? Wahindi walishafukuzwa, na mzungu hawezi kukaa sakafuni Kisugu."

Adyero alitaka kucheka, akajizuia. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni Namuwongo na kuifunika reli isionekane, na siku zile mtu hakucheka kabla ya kutazama nyuma yake.

"Sasa utafanya nini?"

"Nitalifukizia ubani. Mama yangu alimtoa shetani wa kambini kwa ubani, sembuse hili."

Mzee Kamis alikuwa Mnubi, mjane, mjukuu wa askari waliotoka Sudani zamani za Waingereza. Alifanya kazi kwenye gereji ya Muhindi mpaka Muhindi alipoambiwa aondoke, kisha akabeba spana zake akaja kufungua kazi uani kwake, chini ya mabati mawili yaliyotoboka. Alitengeneza chochote kilicholetwa, ila moyo wake ulikuwa kwenye mitungi ya kuzimia moto. Ujanani, kwenye njia ya Karamoja, aliona Land Rover ikipinduka na kuwaka. Dereva aligonga kioo kwa ndani, akagonga, akagonga, halafu akaacha. Kamis hakuisimulia zaidi ya hapo.

Adyero, mke wa polisi, alipenda kwenda kuketi pale na mtoto mgongoni. Mzee alimwimbia Akot kwa Kinubi wala hakumuuliza mama yake lolote. Naye Adyero alitazama tu. Alijua kwamba mzee aliikataa ile mitungi ya shaba yenye maji makali. "Ile ikikutana na moto inatoa moshi wa sumu," alisema. "Gari itapona, wewe utakufa." Alichagua ya unga. Kwanza aliupindua mtungi juu chini, akautegea sikio kama anayesikiliza tumbo la mjamzito, mpaka asikie unga ukiteremka. Gari la porini hutikisika mno, na unga usiogeuzwa hushikamana chini ukawa jiwe. Ndipo alipotoboa bati kwa keekee, akakaza kishikizo kwa bolti, akaning'inia kwa uzito wake wote kuona kama kitang'oka. Mtungi usiofungwa vizuri, alisema, gari likipinduka unatafuta kichwa cha mtu.

Siku moja Adyero alimkuta amelala kifudifudi sakafuni mwa Land Rover ya kijivu, karibu na mlango wa nyuma, viganja vyake vimefungwa pamoja kwa kitambaa. Alikuwa akijaribu kufyatua kishikizo cha mtungi kwa vidole viwili.

"Mzee, unacheza?"

"Mtu aliyeungua mikono hana vidole, mama Akot. Lazima afungue hata hivi."

Adyero aliamini. Gari lile lilikuwa la watu wa ofisi iliyochukua watu usiku, ambayo majirani hawakuitaja jina. Walisema "wale" tu, na kila mtu alielewa. Walimletea Kamis gari lao kwa sababu aliishi karibu na hakuwa na maneno.

Asubuhi hii, Fatumah alipokwenda kuwasha ubani, Adyero alichukua sigiri yake ya makaa iliyotoboka, akamfunga Akot mgongoni, akaenda kwa mzee. Alijiambia anapeleka sigiri. Kumbe macho yalitaka kuona.

Alipoingia uani, Land Rover ile ya kijivu ilikuwa imeshatangulia, mlango wa nyuma wazi. Ndani kulikuwa kweupe. Viti, dari, sakafu, vyote vimefunikwa unga mwembamba kama vumbi la kinu, na katikati yake alama za viganja, zimeshikana mbili mbili, zikielekea mlangoni. Hapakuwa na alama ya moto popote, hata rangi haikubabuka.

Dereva, kijana wa shati la maua, alikuwa amemsimamia Kamis. Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoa machozi.

"Nani alikwambia uweke mtungi nyuma?"

"Gari ikipinduka, afande, mlango wa mbele unalala chini. Mtu anatokea nyuma."

"Mtu!" Dereva alicheka, akakohoa. "Mtu alitokea kweli, huko chini kwa reli. Alitumwagia hiyo dawa yako machoni, tukashindwa hata kupiga risasi. Mkubwa anakuja mchana kukuuliza mwenyewe. Weka mbele, miguuni kwangu. Upesi!"

"Ndiyo, afande."

Kamis akapiga magoti, akaanza kulegeza nati. Adyero alikumbuka kile kitambaa viganjani, mikono iliyofungwa wala si iliyoungua, na mambo yakajipanga kichwani mwake moja baada ya jingine, polepole, kama maji yanayopanda kisimani.

Kwenye kona ya nyuma ya nyumba ya mzee, Fatumah alikuwa ameweka chetezo chini ya dirisha. Moshi wa ubani ulipanda mzito, ukaingia chumbani. Adyero aliuona ukiingia, na hakuwa na namna ya kuuzuia.

Ndani ya nyumba mtu akapiga chafya.

Spana ya Kamis ikasimama. Dereva akageuka.

"Nani huyo? Muzee, si unakaa peke yako?"

Adyero alisikia ulimi wake ukitangulia kabla yake. "Ni huyu wangu, afande. Mafua yamemuua." Akamzungusha Akot kifuani, akamfuta pua kavu kwa pembe ya leso. "Pole, mama. Pole, mama yangu." Mtoto akamtazama dereva kwa macho makubwa ya usingizi. Kwa huruma ya Mungu, moshi ulikuwa umefika uani, naye akapiga chafya yake, ndogo kama ya paka.

Dereva alitazama mtoto, akatazama mlango. Kisha naye ubani ukamshika, akapiga chafya tatu mfululizo, akatukana.

"Nani anachoma takataka hizi?"

"Jirani, afande," Kamis alisema. "Anafukuza mashetani."

"Mwambie tumebaki wengi," dereva akasema, akapanda garini.

Mtungi ulipokwisha kufungwa mbele, gari likaondoka likiacha unga mweupe barabarani. Ukungu ukaufunika. Adyero alitazama kizingiti cha mlango wa mzee. Palikuwa na nyayo nyeupe, za mtu asiye na viatu, zinazoingia tu.

"Alikuja kabla ya jua," Kamis alisema bila kumtazama. "Mwenyewe hakujua ni mimi niliyeufunga ule mtungi garini. Niliuona ule unga kichwani mwake, nikaujua."

"Na huyo mkubwa akija mchana?"

"Atanikuta nafanya kazi. Nikikimbia nitakuwa nimejibu." Alifuta spana kwa kitambaa kile kile. "Lakini huyu asikutwe. Nimemwosha. Nguo zake zimechanika, na zote zina damu. Vizuizi viko mpaka Ggaba ziwani, na wanawavua watu mashati kuangalia kamba imewakata wapi; polisi tu hawamvui."

Akainua macho. Upande wa pili wa ua, juu ya kamba ya kuanikia ya Adyero, sare nyingine ya polisi ya mumewe Ongom ilikuwa ikining'inia, suruali na shati la mikono mirefu, vimenyooka. Ongom alikuwa zamuni mpaka jioni.

"Binti yangu," Mzee Kamis alisema taratibu, "niazime sare ya mumeo."