Kona ya Sikio la Kushoto

Wiki ya harusi yangu, shangazi wa mchumba wangu alifika Kasongo kwa pikipiki kutoka Wamaza, vumbi mpaka kwenye kope, kuja kukagua kichwa changu. Kwao bibi arusi husukwa mistari inayokwenda nyuma sawasawa, isipokuwa mmoja: ukifika juu ya sikio la kushoto, unapiga kona. Bila kona, alisema, hakuna ndoa.

Nikakaza kitenge kichwani. Hapo hapo juu ya sikio la kushoto, meshi za kubana, zile nywele za bandia nilizozipenda kupita kiasi, zilikuwa zimeninyonyoa. Palibaki upara kama kifuniko cha chupa. Wakwe wakiuona watasema nina ugonjwa, na mimi yule mwanamume nilimtaka, tena sana.

"Na hii kona, maana yake nini?" niliuliza, nikichelewesha mambo.

Shangazi akajiweka sawa kitini. Kona ni utii. Kona ni njia waliyohamia wazee. Kona ni mto. Akaendelea mpaka chai ikapoa. Kila maana ilikuwa nzuri, na hakuna iliyojuana na nyingine.

Alipokwenda kuoga, nyanya yangu, mama yake mama, akashika kitana anisuke. Hakuweza, kwa kucheka.

"Mutoto, ile kona niliizua mimi! Dada yangu alikuwa na mapunye pale, na wakwe wa Wamaza wako njiani. Nikapindisha mustari, nikafunika. Leo mapunye ya dada yangu iko mila ya watu!"

Basi akapindisha tena, na nywele za pembeni zikalala juu ya aibu yangu.

Shangazi akarudi, ukoo mzima umekaa, akaanza kutembeza vidole kichwani mwangu. Nilisoma Fatiha moyoni. Vidole vikafika kwenye kona, vikasimama, vikabonyeza. Alijua.

Alinishika mkono, akauingiza chini ya kilemba chake, juu ya sikio lake la kushoto, kana kwamba ananionyesha hereni. Palikuwa laini kama kiganja. Akanitazama machoni, akanirudishia mkono wangu.

"Mila iko kamili!" akatangaza. "Munangoja nini? Pigeni vigelegele!"

Nyanya ndiye aliyepiga vya kwanza.