Barua Niliyoisoma kwa Pumzi Tatu

Mwanangu Ziada, tangu uliponishika mkono Jumapili pale mlangoni pa kanisa, nimekuwa nikikumbuka siku moja ya ujana wangu. Uliniuliza, kwa Kiingereza chako cha haraka, kama mtu anayetaka kuwa daktari aanzie chuo cha kijijini au cha mjini. Ulitaka jibu la neno moja, maana mama yako alikuwa ameshawasha gari. Mimi sina majibu ya neno moja. Nina miaka arobaini na mitatu tu, lakini kwa kuwa familia yetu ilifika Buffalo kabla ya zenu, mmenifanya mzee, na mzee hajibu maswali akiwa amesimama. Basi kaa nikusimulie.

Siku hiyo nayo ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, katika nyumba yetu ya mbao kule mtaa wa West Side. Nilikuwa na miaka kumi na minane na barua mbili mkononi. Moja ilitoka chuo kikuu cha mjini, Columbus. Nyingine ilitoka chuo kidogo cha mashambani, mwendo wa saa mbili kusini mwa hapa, mahali penye ng'ombe wengi kuliko watu. Vyote viwili vilikuwa vimenikubali nisome ile miaka minne ya sayansi ambayo hapa Marekani lazima uimalize kabla ya kugonga mlango wa shule ya udaktari.

Unajua sisi hatuamui jambo kama hilo mtu na kivuli chake. Baba aliitisha kikao. Baba mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa ukoo wetu, alikuwa Louisville, na shangazi Vumilia alikuwa Columbus, kwa hiyo wote wawili waliunganishwa kwa simu. Simu ikawekwa katikati ya meza, kati ya bakuli la sombe, yale majani ya muhogo, na sahani ya samaki wadogo wa ndagala, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Sebuleni walikuwepo baba na mama, jirani yetu Mama Riziki, akina mama watatu wa kwaya waliosema wamepita kusalimia tu, na Mzee Barnaba.

Mzee Barnaba alikuwa msaidizi wa zahanati kule kambi ya wakimbizi ya Kigoma kwa miaka mingi. Hapa Buffalo alikuwa akisafisha sakafu katika nyumba ya kutunzia wazee, lakini mtu wa kwetu akiumwa kichwa alimpigia yeye kwanza ndipo akumbuke hospitali. Kiingereza chake kilikuwa salamu na kuaga. Hakuwa na haraka hata kidogo, na alikuwa na tabia ya kukutazama mikono wakati unazungumza.

Kazi ya kusoma barua ilikuwa yangu. Tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili, hakuna karatasi ya Kiingereza iliyoingia nyumba ile bila kupita kwangu, iwe ya umeme, ya shule au ya ofisi ya wakimbizi. Na haikuwa nyumba yetu peke yake. Nusu ya akina mama wa kanisa walinichukua kwenda nao hospitali, maana nilikuwa najua lugha na nilikuwa sijui kukataa. Walinijia mpaka shuleni. Mwalimu wa hesabu alikuwa akimwona mama mwenye kitenge amesimama mlangoni, ananiambia nichukue mkoba wangu tu, haulizi hata ni nani anayeumwa.

Sasa sikia kosa langu. Nilianza na barua ya Columbus. Nilijua ilichosema, nilikuwa nimeisoma mara kumi. Ilisema kando ya chuo iko hospitali kubwa, na wanafunzi wanaotaka udaktari huanza kwenda huko mwaka wa kwanza, mara moja kwa wiki, kukaa na wagonjwa na kuwatazama madaktari wakifanya kazi. Mimi nikasema: wamenikubali, chuo ni kikubwa, wananisalimia. Nikaikunja. Kisha nikafungua ile ya mashambani, iliyokuwa na mistari michache ya pongezi, nikaipamba kama bibi harusi. Nikawaambia imeandikwa kwamba madaktari wengi wazuri wa nchi hii walianzia vyuo vya vijijini. Nikawaambia kule hewa ni safi na akili inatulia. Sijui hata niliyatoa wapi, Mungu anisamehe, lakini yalitiririka vizuri, na mama mmoja wa kwaya akasema amina.

Baba mkubwa akakohoa kutoka Louisville na kusema basi, kama wenyewe wenye elimu wameandika hivyo, sisi ni nani. Shangazi Vumilia alinung'unika kidogo, kwa sababu alishawaambia watu wa kanisa lake Columbus kwamba binti yao anakuja na atakuwa anawasaidia hospitalini. Baba akaanza kutafuta maneno ya kufunga kikao. Nilikuwa nimeshashinda, mwanangu. Hata sahani nilishaanza kuivuta.

Mzee Barnaba akanyoosha mkono akazichukua zile barua. Akaziangalia moja baada ya nyingine, ingawa hakuweza kuzisoma.

"Noela," akasema, "hii ya Columbus iko na karatasi mbili. Ya shamba iko na moja. Mbona ya karatasi mbili umeisoma na pumzi tatu tu, ile ya moja ikatufikisha mpaka chakula kinapoa?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikasema Kiingereza kina maneno mengi ya heshima yasiyo na maana. Akanirudishia ile barua, akaniomba niisome tena, mstari kwa mstari, kidole kikiwa juu ya karatasi ili yeye akifuate. Nilipofika kwenye mstari wa hospitali kidole kilisimama, na sauti nayo ikasimama. Alingoja. Nikausoma. Mama aliponisikia akashika shavu.

Mzee Barnaba hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Bon, sawa," akasema. "Siku moja daktari atakuwa wewe. Mugonjwa atakuleteya makaratasi yake, hajuwe kuyasoma, atakutazama mu macho. Siku ile pia utaruka mistari?"

Mwanangu, nimewahi kukaripiwa na maprofesa, na hata na mgonjwa mmoja aliyenirushia kiatu, lakini hakuna neno lililoniingia kama lile. Nililia mbele ya kikao kizima, simu ikisikiliza. Na katika kulia ndipo ukweli ulipotoka, maana hata mimi mwenyewe nilikuwa sijausema kwa sauti. Nilisema nimechoka. Nilisema nataka kwenda mashambani kwa sababu kule hakuna mtu hata mmoja anayesema Kiswahili, kwa hiyo hakuna atakayekuja kunitoa darasani. Nilisema siku ile daktari aliponiagiza nimwambie Mama Riziki kwamba mimba imeharibika, mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na mkoba wa shule mgongoni, na tangu siku hiyo nikisikia simu ya nyumbani inalia najifungia bafuni.

Mama Riziki alikuwa amekaa pale pale. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alinyanyuka, akapita kati ya viti, akakikumbatia kichwa changu tumboni mwake, akakaa hivyo muda mrefu. Alisema alijua. Alisema siku ile aliuona uso wangu kabla sijafungua mdomo, na amekuwa akiniombea mimi kuliko alivyojiombea mwenyewe.

Ndipo mama yangu akasema, na hili ndilo ninaloliweka moyoni mpaka leo: "Miye nilizala mutoto. Sikuzala mutafsiri. Kama ulichoka, mbona haukusema umechoka?"

Nikamwomba mama radhi.

Usifikiri kikao kiliishia kwa machozi, sisi si watu wa kuacha sombe lipoe mara mbili. Shangazi Vumilia aliuliza kwenye simu kama ni kweli hospitali hazina watu wao wa kutafsiri. Nikawaambia wanao, tena bure, kwa simu, ukiomba tu. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa ameomba, maana kulikuwa na Noela. Mama mmoja wa kwaya akauliza mtu anaombaje sasa. Nikawafundisha sentensi moja ya Kiingereza, ya kusema nataka mkalimani wa Kiswahili. Wakairudia. Wakaikosea, wakairudia tena. Mzee Barnaba akachukua mwiko akaanza kuwaongoza, na kwa kuwa ni watu wa kwaya haikuchukua dakika mbili sentensi ile ikapata sauti ya kwanza, ya pili na besi, na Louisville nayo ikaitikia kutoka kwenye simu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na machozi bado hayajakauka mashavuni. Wiki iliyofuata Mama Riziki aliiimba ile sentensi mbele ya dirisha la mapokezi, akaletewa simu yenye Mtanzania ndani yake. Alirudi akinisimulia kama mtu aliyetoka Yerusalemu.

Baada ya hapo baba mkubwa aliagiza nikavione vyuo vyote viwili kwa macho yangu ndipo niseme. Columbus nilikwenda kwa basi, nikalala kwa shangazi. Ukumbi wa darasa la baiolojia ulikuwa na watu wengi kuliko kambi yetu siku ya mgawo wa chakula, na ile hospitali ilikuwa kubwa na nzuri, sitakudanganya, moyo wangu uliipenda. Kule mashambani alinipeleka Mzee Barnaba kwa gari lake. Tulipofika alishuka kwenda kuwaona ng'ombe wa jirani wa chuo, na niliporudi kutoka darasani nilimkuta yeye na mzungu mwenye ng'ombe wamesimama ndani ya tope, wakizungumza kwa mikono juu ya chuchu ya ng'ombe iliyovimba, wameelewana kabisa. Darasani mle tulikuwa kumi na nane. Mwalimu aliniuliza jina langu, kisha akaniuliza ninafikiri nini, akangoja mpaka Kiingereza changu kikamaliza kupanda mlima.

Nikarudi nyumbani nikawaambia ninataka kwenda mashambani.

Ndiyo, pale pale. Usicheke. Safari hii nilisema ninakopenda na kwa nini, na nilisema pia kwamba hakuna basi, theluji inafika dirishani, na zahanati ya pale inafunguliwa siku tatu tu kwa wiki, kwa hiyo kuona wagonjwa nitakwenda Columbus kwa shangazi kila likizo ya kiangazi. Wakanibariki wote, mpaka simu. Ndipo nilipotambua jinsi nilivyokuwa mjinga. Uongo wangu haukuwa na kazi yoyote. Ruhusa niliyotaka kuiiba, wangenipa kama ningeiomba.

Nilisoma miaka minne kule, nikafurahi, nikafeli kemia mara moja, nikaifaulu. Binamu yangu Safi, mtoto wa shangazi, alisoma pale pale mjini katika ule umati, naye ni daktari kama mimi, tena ananizidi kwa kushona majeraha. Kwa hiyo kati ya kijiji na mji mimi sitakuchagulia. Kijijini watakujua jina, ila itabidi uwafuate wagonjwa mbali. Mjini wagonjwa wako mlango wa pili, ila itabidi umfuate mwalimu mpaka ofisini kwake ndipo akujue. Uwe na miguu tu.

Lakini juzi, Ziada, nilipita kwenu Black Rock kumwona mama yako na presha yake. Wewe ulikuwa kazini. Alinionyesha barua zako kwa furaha, amezibandika kwenye friji kwa sumaku, ya chuo cha mjini, Louisville, na ile ya kijijini. Aliniambia zilivyosema, kama ulivyomsomea wewe. Ya kijijini alinieleza kwa maneno mawili, kwamba wamekukubali na wanakusalimia. Nami nikaihesabu, mwanangu. Ina karatasi tatu.

Sikumwambia kitu. Hayo si maneno yangu kuyasema. Sijui ni nini kilichomo kwenye karatasi zile mbili ulizoziruka. Pengine unaogopa yatampandisha presha, pengine unakimbia kitu kama mimi, pengine kuna mvulana Louisville, sitauliza. Ninachokuomba ni kimoja. Leo jioni mkishamaliza kula, zitoe zile barua pale kwenye friji, ukae naye chini, umsomee zote mbili mpaka kwenye sahihi. Ukifika pagumu simama, kisha endelea. Mama yako ana nguvu kuliko unavyofikiri, na anayekupenda haogopi karatasi ya tatu. Baada ya hapo nenda unakotaka, nami nitakubebea masanduku.

Mungu wa baba zetu, aliyetutoa kambini na kutuvusha maji, akupe chuo chenye mwalimu anayengoja, na wagonjwa watakaokuamini, na kinywa kisichoruka mstari. Akulindie mama yako. Na siku utakapovaa koti jeupe, mimi mzee wa miaka arobaini na mitatu nitakuwa mstari wa mbele na mwiko mkononi, nikiiongoza kwaya.