Gambuti Kwenye Dina ya Kruz

Mtoto wa miaka mitano aliingia ukumbi wa chakula wa meli ya watalii. Wazungu wamepiga suti na magauni ya kumeta, yeye kavaa kaki mwili mzima, na gambuti miguuni.

Aliyemvalisha ni mimi.

Msicheke kwanza. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mkicheka mtacheka na sababu.

Naitwa Jesca. Naishi Rungwa, huku mwisho kabisa wa mkoa wa Singida, ambako ukivuka shamba la mwisho umeshaingia pori la akiba. Mimi na mume wangu Hezekia tunalima na tunafuga nyuki.

Mtoto anaitwa Rahabu. Kwenye karatasi ni wa mdogo wangu, Felista. Kwa mengine yote alikuwa wangu.

Felista aliondoka Rahabu ndiyo kwanza anasimama dede. Alipata kazi nje, akaniambia ni hotelini, Dubai. Nikamwambia nenda mdogo wangu, mtoto niachie. Felista mwenyewe nilimlea mimi baada ya mama yetu kufariki, kwa hiyo kulea sikuanza jana.

Miaka minne ikakatika. Felista akipiga simu ya video, Rahabu anakimbilia nyuma ya mlango. Alishampa na jina kabisa: yule wa kwenye simu.

Watu wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Sawa. Na mlezi naye tumuweke wapi?

Basi, siku moja niko juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, maana kwetu mtandao unapatikana hapo tu, ikaingia sauti ya Felista WhatsApp. Inakatikakatika, lakini yenye maana niliyapata.

"Shikamoo dada. Jumamosi kruz yetu inaingia bandarini Dar. Nimeomba ruhusa umlete Rahabu ale dina na mimi humo kwenye kruz. Tuna saa tatu tu, usiku huo huo tunaondoka."

Nikairudia mara mbili. Kruz. Nikajua mtandao umekula herufi, anasema kruza.

Na kwetu Rungwa kruza ni kitu kimoja tu duniani. Ni lile gari refu, Land Cruiser, linalobeba wageni wa porini. Wageni wale wana mtindo wao: jioni wanapelekwa ndani ya pori, kruza inaegeshwa, meza inatandikwa kitambaa cheupe pembeni yake, wanakula taratibu huku fisi wanalia. Hela ni zao.

Kwa hiyo dina kwenye kruza haikunishtua hata kidogo. Nilimshangaa Felista tu kwa kupanda cheo.

Hezekia yeye alisikia neno moja, bandarini. Akakaa wima. Akaniuliza magari ya nje yanaingilia wapi kama si bandarini? Shemeji kaagiza kruza, hilo halina ubishi.

Kufika jioni kijiji kizima kina habari. Mwalimu mmoja alikuja kuomba lifti ya kwenda Itigi mwezi ujao, akaahidiwa siti ya mbele.

Sasa tukarudi kwenye sauti, maana Felista alitoa na masharti ya mavazi. Alisema watoto huko wanaangaliwa sana mlangoni.

Asivae kaptula. Tukasema kweli, mbung'o.

Avae mikono mirefu, kuna baridi kali. Kweli, pori usiku halina huruma.

Viatu vya kufunika, asije na ndala. Kweli kabisa, nyoka.

Asije na nguo ya kuogelea. Hapo tukatazamana. Hezekia akafikiri, akasema bila shaka wataegesha karibu na mto, na mto una mamba, ndiyo maana wanakataza. Nikaona kumbe nimeolewa na mtu mwenye akili.

Sharti moja tu nililikataa. Felista alisema bluu ya kukoza ndiyo inapendeza zaidi. Nikasema huyu Dubai imemharibu. Mtu aliyezaliwa Rungwa anasahau kwamba mbung'o wanafuata bluu na nyeusi kama nzi na kidonda? Nikamshonea Rahabu suruali na shati la kaki, mikono mpaka kwenye vidole. Gambuti nikanunua Itigi. Juu nikamvika kofia ya kurinia asali, ile ya neti, niliyoipunguza ikamkaa vizuri.

Nilipomaliza nikamtazama, nikasema hapa hata mbung'o wakija na risasi hawampati.

Usiku wa kuamkia safari sikulala. Niwe mkweli. Nilikuwa na hofu mbili na hazikupatana. Ya kwanza, Rahabu amkatae mama yake. Ya pili, amkubali.

Jumamosi jioni mimi na Rahabu tukafika Dar, bandarini, tukapewa karatasi za wageni. Felista akaja kutupokea getini kavaa kizibao cheusi na tai. Alipoiona ile kofia ya neti akasimama. Akaniangalia. Akaangalia gambuti.

"Dada, umemvalishaje mtoto?"

Nikamwambia kila sharti nimefuata isipokuwa bluu, na sababu anaijua. Akatukumbatia. Yaani alinikumbatia mimi. Rahabu alikuwa ameshazunguka nyuma ya kitenge changu.

Nikauliza kruza iko wapi. Akasema twendeni, iko mbele.

Mbele niliona hoteli nyeupe, ghorofa zisizohesabika. Nikafikiri tunapitia hapo kuchukua funguo. Tukapanda ngazi ndefu, tukaingia ndani, zulia zito, vioo kila mahali. Nikasifia. Kisha sakafu ikafanya kitu ambacho sakafu haitakiwi kufanya.

Nikauliza kwa upole mbona hoteli yao inayumba.

Felista akanishika mikono yote miwili. Akasema, "Dada, hii ndiyo kruz. Ni meli. Nilikudanganya kuhusu Dubai kwa sababu nilijua ungenikatalia maji."

Ningemkatalia, na alikuwa sahihi. Maji mengi niliyowahi kusimama karibu nayo ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Nikakaa kwenye kiti cha watu bila kukaribishwa. Rahabu ndani ya neti yake akatazama huku na huku, akasema hii kruza haina matairi.

Nilitaka kushuka. Nawaambia ukweli, mguu mmoja ulishaanza. Lakini Felista akasema maneno yaliyonikalisha.

Alisema ana mkataba mwingine wa miaka miwili, na ameshautia saini. Alisema, "Akinikataa leo, tutakapoonana tena ana miaka saba. Atakuwa na haki ya kunisahau."

Alikuwa analia huku anatabasamu, kwa sababu ya wageni wanaopita. Nikajikaza. Nikasema twende mtoto ale.

Mlangoni pa ukumbi alisimama mkuu wa ukumbi, Mfilipino mfupi, nywele zimelala chali, mkononi karatasi ya masharti. Mbele yetu kulikuwa na mtoto wa Kizungu wa umri wa Rahabu, kavaa nguo ya kuogelea na taulo shingoni. Karudishwa, na baba yake, na kelele zao zote.

Zamu yetu ikafika.

Yule bwana akamtazama Rahabu kuanzia juu mpaka chini. Akasoma karatasi. Akamtazama tena. Felista akawa ananitafsiria kwa sauti ndogo. Mikono mirefu, ipo. Suruali ndefu, ipo. Kwenye gambuti alikaa muda mrefu sana. Akapekua mpaka nyuma ya karatasi kutafuta neno linalokataza gambuti. Halikuwepo. Ni viatu, na vimefunika. Hakuna mtoto aliyewahi kufunikwa kuliko yule.

Akasema kasoro moja tu, kofia ivuliwe.

Rahabu akaishika kwa mikono miwili. Hakutaka. Akasema mbung'o watamng'ata. Mimi nilijua si mbung'o. Alikuwa amejificha humo, kama alivyokuwa anajificha nyuma ya mlango.

Felista akapiga magoti palepale, na kizibao chake. Hakumwambia hakuna mbung'o. Akasema, "Basi niazime mimi. Mimi ndiye wanayenipenda, nimevaa nyeusi."

Rahabu akafikiri. Hoja ilikuwa nzito, na mtoto wa Rungwa anaijua. Akaivua kofia, akamvalisha yule wa kwenye simu. Ilimkaa juu ya kichwa kama sufuria, neti ikaishia puani. Rahabu akacheka, kile kicheko chake cha kukwama kooni nilichodhani ni changu peke yangu.

Mkuu wa ukumbi akaipokea kofia, akaitundika na makoti ya watu. Akamfungulia Rahabu mlango. Kisha akanitazama mimi, miguuni.

Nilikuwa nimevaa ndala.

Felista akamsikiliza, akageuka kwangu uso umemshuka. Mtoto apite. Mwenye tatizo ni mimi.

Wiki nzima nahangaika na mtoto avae nini, hakuna hata mmoja aliyeuliza mtu mzima avae nini.

Felista akasema basi, twende wote tukale kule kwa wafanyakazi, kule hawaulizi viatu. Rahabu naye alishanishika kitenge. Ningesema ndiyo, tungekula watatu, Rahabu mapajani kwangu, na mama yake angebaki upande wa pili wa meza, wa kwenye simu vilevile.

"Nendeni," nikasema. "Miguu imenivimba na basi. Nitawasubiri hapa."

Rahabu akaniangalia. Nikamwambia huyu anaitwa mama Felista, ni mtu wetu, ashike mkono wake, asimuachie asije akampotea maana hii nyumba ni kubwa. Akamshika kwa uangalifu wote, kama yeye ndiye anayempeleka. Wakaingia.

Nikaletewa soda, nikakaa nje ya ukuta wa kioo nikiwatazama. Hezekia akapiga.

Akauliza kruza ya rangi gani. Nikasema nyeupe.

Akauliza ina siti ngapi. Nikasema elfu mbili.

Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu kanipa kitu cha kunywa.

Nilipokata simu, ndani Rahabu alikuwa amemwaga supu kwenye kaki yake yote. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nikamsikia vizuri kabisa.

"Mama!"

Nikainuka. Miguu iliinuka yenyewe kabla sijaiambia, miaka minne ya mazoea. Nikasogea hatua mbili mpaka kwenye kioo, na mkono tayari unatafuta kitambaa.

Rahabu hakuwa amegeuka huku. Alikuwa amemnyooshea Felista vidole vyenye supu, anamwita yeye. Na Felista, mhudumu wa miaka minne ambaye kafuta meza elfu, alikuwa amekaa tu na kitambaa mkononi. Hakujua aanzie wapi, machozi yanamtoka.

Nikarudi kukaa. Nililia na mimi, sitawadanganya. Iliniuma na nilifurahi, vyote kwa pamoja, na soda yenyewe ilikuwa imeisha gesi.

Sasa niwaambie jambo ambalo hata Hezekia halijui mpaka leo.

Viatu vya kufunika nilikuwa navyo. Vyeusi, vipya, nilivinunua siku moja na gambuti. Vilikuwa ndani ya mkoba wangu, pale pale mlangoni, chini ya khanga. Kuvivaa ilikuwa kazi ya dakika moja.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, siku ukialikwa dina melini, mtoto mvalishe mikono mirefu, viatu vya kufunika, na kofia aiache mlangoni. Gambuti hazina shida, nimehakikisha mwenyewe. Na wewe uliyemlea, ukiona mzazi mwenyewe kaja, jifunze kuwa na miguu iliyovimba.